Ukoka wa Goli la Kusini

Jumanne, 27 Agosti

Katibu wa timu kanipa daftari na kalamu, kasema niandike kila siku kazi iliyofanyika uwanjani. Hakusema nisiandike mengine. Basi naandika.

Mimi ni Mwantumu, Mama Rukaiya, nimeajiriwa na timu ya Karanga hapa Nachingwea kutunza nyasi za uwanja. Nyasi zenyewe ni ukoka. Niliposikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu mtoto nimeinamia ukoka shambani: unaung'oa, unaukung'uta udongo, unaurundika, unauchoma, na mvua ikinyesha unaukuta umekungoja palepale. Marehemu mama alikuwa akisema ukoka ni mgeni asiyejua kuaga. Leo nalipwa kuubembeleza.

Karanga wamepanda daraja, na wakaguzi wa viwanja watakuja mwishoni mwa Oktoba. Uwanja ukikubalika, mechi za nyumbani zitachezwa hapahapa. Ukikataliwa, timu itahamia Ruangwa, na watu wa Ruangwa tunawajua, watatucheka mpaka tuzeeke. Na sisi wawili tutarudi kwenye majembe yetu, maana uwanja usio na mechi hauhitaji mtunzaji.

Nasema wawili kwa sababu kuna Kipriani. Ni Mmakonde wa Newala, amenizidi umri kidogo, mimi Mmwera, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ananiita mtani. Ana mluzi mmoja anaoupiga kutwa, hauna mwanzo wala mwisho. Kila kitu anakifanya mbiombio kama mtu aliyeacha ugali jikoni. Sijampenda.

Alhamisi, 29 Agosti

Mbuzi. Nimewafukuza asubuhi, nimewafukuza mchana. Wenzetu wa Kilimarondo wanafukuza tembo, angalau wana cha kusimulia.

Jumatatu, 2 Septemba

Pampu ya kisima imekufa. Fundi kaifungua, kaitazama sana, kaifunga. Anasema kuna kifaa mpaka kitoke Masasi.

Alhamisi, 5 Septemba

Fundi hajaonekana.

Jumatatu, 9 Septemba

Kibaridi cha asubuhi kimekwisha kabisa. Sasa ni upepo na vumbi, na jua linaanza kuuma watu wakiwa bado wanapiga mswaki. Ukoka umejikunja, umegeuka rangi ya gunia, ukiukanyaga unalia chini ya kandambili. Tulijaribu kubeba maji kwa ndoo tukamwagie hapo katikati, tukaacha siku hiyohiyo, ardhi ilikuwa inayanywa kabla hatujageuza mgongo.

Mwenyekiti wa timu, Lukumani, alipita na pikipiki yake. Akauliza kama nyasi zimekufa. Nikamwambia zimelala tu, mwenyekiti, ukoka haufi kirahisi. Nilisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika wenyewe sikuwa nao.

Ijumaa, 13 Septemba

Kipriani anatoboa ardhi kwa mtarimbo, shimo baada ya shimo, eti maji yakija yapate njia. Nikamuuliza maji gani. Akapiga mluzi.

Jumanne, 17 Septemba

Pampu bado. Nimegombana na Kipriani, sababu siikumbuki.

Jumamosi, 21 Septemba

Pampu imepona! Maji yamepanda asubuhi, mekundu kwanza, halafu masafi. Nilinawa uso nayo mara mbili bila sababu.

Furaha haikudumu, Kipriani akaiharibu. Katibu alituletea chupa za busta, ile mbolea ya maji wanayopulizia bustani, na nyumbani kwetu kuna bomba la kupulizia la shamba la mikorosho. Baba Rukaiya yuko msibani Likunja tangu juzi, kwa hiyo nilijitwika bomba mwenyewe kutoka barazani. Ndani kulikuwa na maji kidogo chini. Kipriani akaniuliza ni ya nini, nikamwambia ni ya kusuuzia hayo, wewe jaza.

Nikamweleza utaratibu kama ninavyoujua: tunyweshe kwanza, siku mbili tatu, ukoka uamke, ndipo tupulize busta. Mtu aliyezimia humlishi wali, unampa maji. Hata sijamaliza kusema, mwenzangu ameshabeba bomba mgongoni na anapuliza goli la kusini, kwenye ukoka mkavu vilevile. Anasema bomba ni la watu, lazima lirudi leo. Nikamwambia haraka haraka haina baraka, mzee. Akajaza bomba la pili, la tatu, akamaliza uwanja mzima, akaliosha, akanirudishia. Kwa haraka hiyo lazima alizaliwa kabla ya miezi. Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumamosi, 28 Septemba

Uwanja unaamka. Asubuhi ukichuchumaa ukatazama sambamba na ardhi, unaona kijani kinatokea chini ya ile rangi ya gunia, kama nywele za mtoto baada ya kunyolewa. Hata mluzi wa Kipriani leo nimeuvumilia.

Jumatano, 2 Oktoba

Goli la kusini limebaki nyuma. Labda maji hayafiki vizuri. Nimesogeza mpira wa maji.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siyo maji.

Mbele ya goli la kusini, kiasi cha eneo anapohangaika kipa, ukoka umekuwa mweupe. Umelala, umekufa, na pembeni yake kote ni kijani kinachomeremeta, kwa hiyo unaonekana hata ukiwa barabarani. Nimezunguka pale mpaka miguu ikauma. Halafu nikakumbuka: Kipriani alianzia hapo siku ile. Bomba la kwanza. Busta kaizidisha, akauunguza, na ardhi ilikuwa kavu, na nilimwambia!

Nilimwambia tena, mbele ya watu waliokuja kutazama mazoezi. Nilisema mambo mengi. Nilisema mtu akiwa na haraka aende akaendeshe bodaboda, asiguse kitu chenye uhai. Alisimama ananisikiliza, kofia mkononi, hakujibu hata neno. Ukimya wake ulinizidishia hasira. Nikaenda kwa Lukumani, nikamweleza. Akasema Jumatatu asubuhi Kipriani afike dukani kwake, atamsimamisha kazi, na tukifeli ukaguzi kila mtu atajua ni kwa sababu ya nani. Nimerudi nyumbani nikijiona nimetenda haki.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo naandika kwa aibu.

Leo nilikwenda shambani kwetu Ruponda na mume wangu, Hamidi, kusafisha chini ya mikorosho, korosho zimeanza kudondoka. Kule bondeni, karibu na kijito, nikasimama ghafla. Ukoka wote wa pale ni mweupe. Ukavu wa kiangazi naujua. Huu ni weupe wa kufa, umelala chini, rangi ileile ya goli la kusini. Nikamuuliza kaufanya nini. Hamidi akajibu kwa furaha kwamba kaupiga dawa ya magugu, na safari hii muuza dawa hakumdanganya.

"Ulipiga kwa bomba gani?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mama yake. "Letu. Kwani tuna mangapi?"

Nikamuuliza siku gani, na dawa kama iliisha. Akasema haikuisha. Alikuwa katikati ya kazi alipopigiwa simu ya msiba wa Likunja. Akalirudisha bomba nyumbani, akaliacha barazani na dawa yake ndani, akijua atakuja kumalizia. Aliporudi akalikuta limeoshwa, akadhani mke wake kamsaidia, akashukuru moyoni.

Nilikaa chini palepale kwenye majani ya mikorosho. Maji ya kusuuzia! Kwa mdomo wangu mwenyewe nilisema ni maji ya kusuuzia. Kipriani aliuliza, mtu huyo mwenye haraka, alisimama akauliza, na mimi ninayejifanya najua utaratibu ndiye niliyemwambia ajaze. Halafu nikamfokea mbele ya watu, nikaenda kumchongea kwa mwenyekiti. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kilikuwa barazani kwangu.

Namshukuru Mungu Hamidi hakucheka. Alikaa karibu yangu, akaokota korosho moja, akaigeuzageuza. Akaanza kunung'unika kuhusu mwaka jana, na mwanzoni sikumsikiliza, nilidhani ananipotezea mawazo. Mwaka jana, kiangazi hivihivi, alipuliza dawa kule juu kilimani. Majani yakaungua yote, akafurahi. Mvua ya kwanza tu, ukoka ukatoka umenona kama kautilia samadi. Alimlaani muuza dawa mwezi mzima.

"Ukoka wa huku bondeni una maji, umekunywa dawa mpaka mzizini," akasema. "Wa kule juu ulikuwa na kiu, umejikunja. Wenye kiu haunywi dawa, Mama Rukaiya. Unaungua nywele tu."

Nikainua kichwa. Wa kwetu uwanjani ulikuwa na kiu kiasi gani siku ile? Pampu ilikuwa imekufa karibu wiki tatu. Na mimi nilikuwa napiga kelele kwamba tuunyweshe kwanza, uamke, ndipo tupulize. Kipriani angenitii, ukoka ungeinywa ile sumu kama chai. Haraka yake ndiyo huenda imetuokoa.

Nilimwambia Hamidi tuondoke. Tukapita uwanjani jua likiwa bado lipo, nikapiga magoti mbele ya goli la kusini, nikafukua kwa ncha ya panga. Mizizi ya ukoka naijua kuliko ninavyoijua mikono yangu, nimeing'oa miaka yote. Uliokufa ni kahawia na unakatika mkavu. Nilivuta mmoja. Ukapinda, haukukatika. Nikaukwaruza kwa ukucha. Mweupe ndani, una maji.

Nikafukua sehemu nyingine, na nyingine. Kuna iliyokufa. Lakini mingi ilipinda.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefika dukani kwa Lukumani kabla hajafungua mlango wa pili. Kipriani alikuwa amekwishafika, amevaa shati la kanisani, amekaa kwenye gunia la chumvi. Nilisema yote mbele yao wawili, nimesimama, bila kumeza kitu: bomba ni langu, dawa ilikuwa ya mume wangu, na aliyesema jaza ni mimi. Nikatoa mzizi kwenye upindo wa kanga nikauweka mezani, nikamwambia mwenyekiti aukwaruze. Akaukwaruza. Akasema haoni kitu hapo, anaona mzizi.

Alikuwa na haki ya kunifukuza mimi badala ya Kipriani, na alilifikiria hilo, nililiona usoni. Mwisho akasema hafukuzi mtu leo. Wakaguzi ndio watakaosema. Goli likiwa jeupe hivyo hivyo siku wakija, tuondoke wote wawili, tusimsumbue hata kuaga.

Nje nikamwomba Kipriani radhi. Nilitaka kusema maneno mengi, yakatoka mawili. Akasema anajua.

"Unajua nini?"

"Harufu. Siku ile nilipokuwa naliosha, niliisikia harufu ya dawa ya magugu. Goli lilipobadilika nikajua."

Nikamuuliza kwa nini alikaa kimya nilipokuwa namvua nguo mbele ya watu. Akavaa kofia yake.

"Ningekwambia bomba la kwenu lina sumu, ungenisikiliza?"

Nikafikiri kwa haki. Nisingemsikiliza. Ningesema ananisingizia, tena ningesema kwa sauti. Akaniambia basi, ndiyo maana, na mkono uliopuliza ni wake hata hivyo. Kisha akakumbuka kwamba mimi ni mtani wake, akadai faini ya jogoo. Nimempa kuku jike. Jogoo ni mmoja tu pale nyumbani, na utani nao una mipaka.

Mchana tumefyeka majani yote yaliyokufa pale golini, tukaondoa, tukatoboa upya kwa mtarimbo, tukanywesha. Tumefanya polepole. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuna kilichochipua. Lukumani anakuja kila jioni, anatazama, anaondoka bila kusema. Nikaona tusitegemee mizizi peke yake. Wakati huu watu wote wanasafisha mashamba, ukoka unarundikwa pembeni ungoje kiberiti. Nikaenda sokoni, nikawaomba wanawake wenzangu wasiuchome, waniletee. Wakanitazama. Mmoja akanigusa paji la uso aone kama nina homa.

Lakini leo wameleta, jamani. Viroba kwa viroba, wengine kutoka Ruponda, wakicheka njia nzima. Tukapanda vipande kwa safu mbele ya goli, kina mama bega kwa bega. Bi Tunu, bibi mmoja jirani yangu wa shamba, alikataa katakata kushika hata kipande. Alisema kwa Kimwera kwamba mikono yake imeupiga vita ukoka maisha yote, haiwezi kuupanda leo, itamlaani. Akakubali kumwagilia tu, na alipomwagilia alitazama pembeni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu. Mbuzi hawakupumzika.

Jumatano, 16 Oktoba

Vipande vya viroba vinanyauka. Jua kali mno. Sijala vizuri.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimefika mapema, Kipriani alikuwa ameshafika. Hakuwa anapiga mluzi. Nikajua kuna jambo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya goli, akanionyesha chini kwa kidole.

Sindano. Sindano za kijani, nyembamba, zimetoboa ardhi. Na hazikutoka kwenye vile vipande tulivyopanda, zimetoka katikati ya safu, kutoka chini, kwenye mizizi ya zamani. Nilianza kuzigusa moja moja kama mjinga. Halafu nikalia, mbele yake, wala sikujificha. Alhamdulillahi. Ukoka huuhuu ninaoulaani kila mwaka kwa kutokufa, leo nimeulilia kwa sababu haukufa.

Kipriani akasubiri nimalize. Kisha akaniambia nichote maji, kazi haijaisha, na akaanza mluzi wake. Una mwanzo kumbe. Sikuwahi kusikiliza.

Jumanne, 22 Oktoba

Unakimbia. Unatambaa pande zote, unashikana mikono na ule wa pembeni. Lukumani leo kasema neno. Kasema, "Enhee."

Ijumaa, 25 Oktoba

Wakaguzi wamefika wakati wa saa nne, watu watatu. Mkubwa wao ni mwanamama, Teodosia, mfupi, viatu vya kutembelea, haongei ovyo. Walipima kona, wakapima magoli, wakaingia vyooni, wakatoka. Sisi tulisimama kwenye mstari wa pembeni, Kipriani na lile shati la kanisani, mimi na kanga mpya ambayo jasho lilikuwa limeshaizeesha.

Akafika goli la kusini. Mtu mwenye macho anaona, pale mbele kijani ni kichanga, si kama kwingine. Akasimama, akauliza kwa nini rangi ni tofauti. Lukumani akafungua mdomo, na namjua, alikuwa anakuja na uongo mkubwa kuhusu mbegu kutoka nje. Kipriani akamwahi.

"Ulichelewa kuamka, mama. Lakini umeamka."

Yule mama hakucheka. Akapiga goti, akakusanya ukoka kwa vidole vyake, akavuta. Akabadilisha mkono, akavuta kwa nguvu zaidi. Nilitaka kumwambia, dada yangu, utavuta mpaka kesho, mimi mgongo wangu unajua. Akasimama, akajikung'uta goti.

"Huu hautoki," akamwambia mwenzake, na mwenzake akaandika.

Tumepita. Walisema palepale, mbele ya Lukumani, wakashauri tu paa la benchi la wachezaji wa akiba litengenezwe. Watu wakashangilia, mwenyekiti akamkumbatia Kipriani, akataka kunikumbatia na mimi akakumbuka mume wangu yupo. Nilipofika nyumbani nilikaa mlangoni tu. Mwili wote ulikuwa umelegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni aliotoka nao mbali.

Jumamosi, 2 Novemba

Mechi ya kwanza ya nyumbani, na wageni wenyewe ni Ruangwa. Tumetoka moja moja. Watu wa Ruangwa wamekuja kwa malori, wameimba, wametutukana vizuri, na hawakupata hata neno moja la kusema juu ya uwanja. Kipindi cha pili kipa wetu aliruka kulia, goli la kusini, akaondoa mpira uliokuwa unaingia. Aliinuka na magoti ya kijani. Uwanja mzima ulimtazama kipa. Mimi na Kipriani tulitazama magoti.

Baada ya mechi akaniuliza kama kesho nitaleta bomba, tupulize busta nyingine kabla ya mvua. Aliniuliza kwa adabu zote, kisha akauliza kama kuna maji ya kusuuzia ndani. Mshenzi huyu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Bomba liko salama, Hamidi ameliosha mara tatu na kulining'iniza kichwa chini mbele ya nyumba, kila jirani alione.

Jioni nimepalilia kibustani changu cha mchicha nyuma ya nyumba. Ukoka umeingia, kama kawaida yake, umepita chini ya uzio bila hodi. Nikaung'oa wote, nikaukung'uta udongo, nikaurundika, nikachukua kiberiti.

Mkono ukakataa. Nimesimama pale muda, mtu mzima na kiberiti chake. Halafu nikaenda kutafuta kiroba, nikauweka ndani, nikaunyunyizia maji. Goli la kaskazini lina upara kidogo karibu na nguzo ya kushoto.